Alama Saba za Mkaa

Jumatatu, 28 Julai 1975

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio. Mistari yake imepigwa kombo kiwandani, mwalimu mkuu akataka kulitupa, nikaliomba. Nitaliandika mpaka liishe au mpaka nichoke. Najijua, nitachoka kwanza.

Leo nimefanya kazi ya heshima. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kibwana, alikuja mwenyewe shuleni kunichukua. Ghala jipya limekwisha kuezekwa, mahindi ya shamba la kijiji yamepukuchuliwa, na magunia hayajaja. Kutoka hapa hadi Korogwe ni katani kila unapotazama, marehemu baba yangu aliikata mpaka mgongo ukapinda, na bado tumekosa gunia! Basi mahindi yatamwagwa sakafuni, kuizunguka nguzo ya katikati.

“Mwalimu,” akaniambia, “babu yangu alikuwa akichora mkaa ndani ya kihenge chake. Alama moja, mwezi mmoja. Mahindi yakiifikia alama kabla mwezi haujaisha, mnafunga mkanda. Hatukulala njaa hata mwaka wa nzige. Nataka unichoree nguzo yangu vivyo hivyo. Wewe una rula.”

Watu walipohamishiwa hapa Kwemhingo mwaka jana, vihenge viliachwa kule kwenye mahame, vikaliwa na mchwa. Kwa hiyo nilimwelewa mzee. Nikapanda ngazi na rula ya ubaoni na kipande cha mkaa, nikachora kutoka chini kwenda juu, sentimita thelathini kila alama. Nikapima mara mbili. Nikaning'iniza timazi. Watu walijaa mlangoni wakitazama. Mimi ni mtoto wa manamba, Mkristo peke yangu hapa, na leo kwa mara ya kwanza nimesikia mtu akisema “mwalimu wetu”.

Jumatano, 30 Julai

Lundo limesimama. Kutwa watu wanapanda ngazi na kumwaga, mahindi yanaporomoka pande zote sawasawa, na ncha ikaishia wapi? Alama ya saba, kana kwamba iliagizwa. Mzee Kibwana akahesabu kwa vidole, Agosti mpaka Februari, miezi saba, na Februari mahindi ya vuli yatakuwa tayari. Akasema Alhamdulillahi. Hata mimi nikasema.

Nilipima mzingo wa kitako kwa kamba, kwa kujifurahisha tu. Mita ishirini na mbili kamili. Mfano mzuri kwa Darasa la Saba nikifika kwenye ujazo.

Jumamosi, 2 Agosti

Mgawo wa kwanza. Kaya sitini na nne, debe tatu kila moja. Mzee alitaka nne, lakini mtunza ghala, Mwaija, aling'ang'ania tatu mpaka akashinda. Ni mjane, mama yake Chausiku wa Darasa la Saba. Ufunguo anauvaa shingoni. Anafuta debe kwa mti ulionyooka, punje ya juu haiponi, na kila madebe kumi anafunga fundo kwenye kamba ya katani.

Ilipofika zamu yangu nikamtania, “Mama Chausiku, debe langu mbona lina shimo katikati?”

Akalifuta tena. Likapungua.

Mwanamke mkavu sana huyo.

Tulipomaliza, Mzee Kibwana akamulika nguzo. Lundo limeshuka sentimita kumi tu! Alama ya sita bado haijaonekana. Akanishika bega. “Umeona? Mwezi mzima tumetoa, na theluthi ya alama ndiyo iliyokwenda.”

Jumamosi, 16 Agosti

Upepo na vumbi. Hakuna jipya.

Jumatatu, 25 Agosti

Homa. Mzee Kibwana ameniletea asali na maneno ya kunichekesha. Sijapata mwenyekiti kama huyu.

Jumamosi, 6 Septemba

Kesho Ramadhani. Mzee ametangaza debe tano badala ya tatu, watu wapate uji wa futari bila kujibana. Mwaija alisimama mlangoni mwa ghala, mikono kiunoni.

“Mzee, tulikubaliana tatu.”

“Nguzo inasema tunayo.”

“Nguzo haili, mzee.”

Watu wakacheka. Mzee akanigeukia mimi, mwalimu, niliyechora. Nami nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, “Kwa vipimo, tuna ziada.” Wanawake wakapiga vigelegele. Mwaija hakunitazama. Akaanza kupima.

Baada ya mgawo lundo limetua juu ya alama ya sita. Kwa hesabu ya miezi lingepaswa kuwa ya tano. Kwa hiyo nilisema kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Mzee Kibwana amerudi kutoka wilayani uso ukimwaka. Amewaambia wakubwa kwamba Kwemhingo tuna ziada, na ameahidi magunia arobaini kwa vijiji vilivyokosa mvua. Walimpigia makofi. Safari hii hata magunia matupu wamepata ya kuja nayo, ya kuchukulia.

Alhamisi, 18 Septemba

Nataka kuyaandika haya kwa utaratibu kwa sababu kichwani hayana utaratibu.

Leo nilifundisha ujazo. Piramidi waliielewa upesi, eneo la kitako mara kimo, gawa kwa tatu. Kisha nikawapa pia, lile umbo la karatasi ya kufungia karanga. Tulikunja karatasi ya manila, tukatafuta kopo lenye mdomo uleule na kimo kilekile, tukajaza mchanga. Pia tatu, kopo moja. Wakashangilia.

Hapo Chausiku akanyoosha mkono. “Mwalimu, tukitia mchanga nusu ya kimo cha pia, tutatia mara ngapi mpaka ijae?”

Darasa zima likapiga kelele kwamba ni mara mbili. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema mbili. Nikamwambia ajaribu.

Akachukua karatasi nyingine, akaikunja kwa kimo cha nusu, akaanza kumimina. Ya pili haikuonekana hata ilipokwenda. Ya nne, ya tano. Watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti kama wanavyohesabu mpira hewani. Ya nane ndiyo iliyojaza. Nikaandika ubaoni, nusu mara nusu mara nusu, moja ya nane, kwa sababu umbo likipungua kimo linapungua na upana pande zote mbili. Nikageuka kuwatazama, na kupitia dirishani nikaliona ghala.

Chaki ilinianguka. Nikawaambia wafanye zoezi la kumi na mbili.

Nimehesabu. Mzingo mita ishirini na mbili, nusu kipenyo mita tatu na nusu, kimo mita mbili na kumi. Ujazo mita za ujazo ishirini na saba kasoro kidogo. Madebe 1,347. Kwa debe tatu, kaya sitini na nne, miezi saba, yanatakiwa 1,344. Mwaija alikuwa sawasawa kama mizani! Tungempa yeye kazi na kuipa nguzo kisogo, tungefika Februari na debe tatu za kuchezea.

Lakini alama zangu zinasema vingine. Kutoka ncha ya saba kushuka hadi ya sita, pale panapoonekana padogo, pana madebe karibu mia tano, kwa sababu lundo linaposhuka linavuliwa ngozi nzima, kutoka ncha mpaka kitako. Na chini kabisa, alama ya mwisho, mwezi wa Februari, kuna madebe manne. Manne. Kaya sitini na nne.

Kihenge kimesimama wima, upana wake wa chini ndio wa juu. Babu wa Mzee Kibwana hakukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyehamisha alama za kihenge kwenye lundo, na niliyefundishwa tofauti yake chuoni, nikapata alama tisini.

Sasa hivi yamebaki madebe 835. Malori yakija kuchukua magunia arobaini, yatabaki 595. Hayo ni ya miezi mitatu na siku chache. Na yatakapokwisha kabla ya wakati, watu hawatamuuliza mwenye rula. Watamuuliza mwenye ufunguo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Kibwana baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa barazani kwake, midomo imekauka kwa saumu. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, na nikamwambia yote. Nilichukua hata karatasi yangu ya manila. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo.

“Mwalimu,” akasema, “alama ulichora wewe?”

“Nilichora mimi, mzee.”

“Zina kosa? Moja ndefu, nyingine fupi?”

“Hapana. Zote ni sawa. Ndilo kosa lenyewe.”

Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. “Kwa hiyo zingekuwa na makosa ndiyo zingekuwa sawa.”

Nikamwomba basi tuyapime madebe yote yaliyobaki, tuyahesabu moja moja. Tabasamu likaondoka. “Nimewaahidi wakubwa magunia arobaini mbele ya wenyeviti wote. Niende niwaambie mahindi yamekwisha, yameliwa na hesabu? Wataniuliza nani aliyeyala. Nimpe jina la nani, mwalimu? La kwako?”

Nikaikunja karatasi yangu ya manila, nikaaga. Najiuliza tangu mchana kwa nini sikusema ndiyo, la kwangu.

Jumatatu, 29 Septemba

Lori limekuja, limejaa, limekwenda. Shule nzima tulipangwa njiani kuimba. Niliwaongoza mimi.

Lundo baada ya lori, mita moja na sitini. Bado liko juu ya alama ya mwezi huu. Mzee Kibwana aliwaonyesha watu nguzo mmoja mmoja, na kila aliyetoka ghalani alinitazama akicheka. Habari ya karatasi yangu imeenea.

Jumamosi, 4 Oktoba

Debe tatu. Lundo bado liko juu ya alama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Idi. Nimeletewa pilau kutoka nyumba tano. Moja ilitoka kwa Mwaija. Chausiku ndiye aliyeileta. “Mama anasema, yeye anaamini ile ya mara nane.” Nikamuuliza mama yake amejuaje. “Amesema mafundo yake na nguzo havisemi kitu kimoja, na yeye hajawahi kufunga fundo la uongo.”

Nilikula hiyo kwanza. Nilimwita mkavu, miezi miwili iliyopita, katika daftari hilihili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Korogwe, kwa mama. Bado anakaa Korogwe ya zamani karibu na mto, na hataki kuhama. Nilimsimulia yote huku akichambua mchicha. Mama yangu Stefania hakusoma, lakini alielewa lundo upesi kuliko Mzee Kibwana.

“Baba yako,” akasema, “alijua mizigo yake ya katani kuliko nyapara. Akirudi aliniambia, leo nimekata hivi. Lakini kalamu alikuwa nayo nyapara.”

“Lakini mama, mimi ndiye mwenye kalamu.”

Akarudi kwenye mchicha wake. “Basi sijui, mwanangu.”

Jumamosi, 1 Novemba

Nimejaribu njia nyingine. Nimechonga mwanzi, nikauchora kwa chaki nyekundu alama za kweli, nikausimamisha kando ya nguzo watu wanapopanga foleni. Mwezi wa kwanza sentimita kumi. Mwezi wa mwisho peke yake mita moja na kumi.

Walikufa kwa kicheko. Salimu, katibu wa kijiji, alipima mwezi wa mwisho kwa mtoto wake wa Darasa la Kwanza, ukampita. “Mwalimu, hiyo Februari yako ina tumbo la namna gani?” Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, ili wasinichukie.

Mwaija hakucheka. Alisogea akaushika mwanzi, akapeleka kidole mpaka penye lundo la leo. “Hapa tuko wapi?”

“Miezi miwili, mama Chausiku, pamoja na huu. Na kidogo sana.”

“Ndivyo kamba inavyosema.” Akamwita Mzee Kibwana pale pale, mbele ya foleni. “Mzee, shikamoo. Naurudisha ufunguo.”

Mzee akakataa. Akasema kwa sauti ya watu wote kwamba mtu hurudisha ufunguo akiwa na la kuficha. Watu wa foleni wakageuka kumtazama Mwaija. Akauvaa tena.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua moja kubwa, watu wamepanda. Nami nimepanda.

Ijumaa, 28 Novemba

Hakuna mvua. Mahindi yana majani manne, yamekunja.

Alhamisi, 4 Desemba

Hakuna.

Jumamosi, 6 Desemba

Kabla ya mgawo lundo lilikuwa mita moja na kumi na tatu. Madebe 211. Nilimfuata Mzee Kibwana nyuma ya ghala, nikamshika mkono, jambo nisilopaswa kumfanyia mtu mzima.

“Mzee, wape debe moja moja tu. Itatufikisha karibu na mavuno. Sikuombi uamini hesabu. Sema ni kwa sababu ya ukame.”

Nadhani alitaka. Nilimwona akitaka. Aliutazama mlango, foleni imefika kwenye mti wa msonobari wa shule, akasema polepole, “Nguzo imetufikisha hapa bila kupungukiwa siku moja. Nikiwapunguzia leo, watasema yale magunia arobaini niliyatoa tumboni mwao.”

“Ndiyo ukweli, mzee.”

“Najua unavyofikiri.” Akautoa mkono wake.

Debe tatu. Lilipotoka la mwisho, lundo lilikuwa limefika goti langu, sentimita hamsini na moja. Wote waliona lilivyoporomoka. Mwezi jana, mgawo huohuo, lilishuka alama moja isiyotimia. Leo zimekwenda mbili na zaidi. Kulikuwa na manong'ono, na macho yalikuwa kwenye ufunguo. Lakini Salimu akasema zimebaki alama mbili kasoro vidole vichache, Januari na Februari, hakuna neno. Wakatulia.

Yamebaki madebe kumi na tisa.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Nilikwenda kusali Korogwe na sikusikia neno.

Jumamosi, 3 Januari 1976

Kaya sita zilipata debe tatu. Ya saba ilipata moja.

Mwaija alifagia sakafu kwa ufagio wa chelewa, akakusanya zile punje na vumbi lake, akalitikisa debe, likafika robo. Akamwambia aliyefuata, bibi mmoja aliyehamishwa kutoka Kwaluguru, “Bibi, yamekwisha.” Bibi akakaa chini na kapu lake. Nyuma yake kulikuwa na kaya hamsini na sita.

Nilidhani watapiga kelele. Badala yake kila mtu akaitazama nguzo. Imesimama uchi sasa, alama zote saba zinaonekana, nyeusi, zimenyooka, nzuri kama kazi ya mtihani.

Mkutano ulifanyika pale pale. Salimu aliuliza. Tarehe sita ya Desemba yalibaki mahindi ya alama mbili kasoro kidogo, au hayakubaki? Yalibaki, wote waliyaona. Alama moja ni mwezi mmoja, au si mwezi? Ni mwezi, ndivyo tulivyokwenda tangu Agosti, na ikabaki na ziada. Ufunguo alikuwa nao nani?

Mwaija akavua kamba yake ya mafundo. “Nimetoa madebe elfu moja na mia tatu ishirini na nane kabla ya leo. Hayo hapa. Hesabuni.”

“Mafundo hata jana unaweza kuyafunga,” mtu akasema.

Nikasimama. Nilisema kila kitu. Nilisema 1,347 tangu mwanzo, toa 1,328, zinabaki kumi na tisa, na leo zimetoka kumi na tisa. “Haijapotea hata punje moja! Mama huyu ni mwaminifu kuliko rula yangu. Mimi ndiye niliyechora nguzo kwa ujinga. Tulikula mno Ramadhani, na lori likachukua mno, na mimi nilisema tuna ziada. Kama mnataka mtu, nichukueni mimi.”

Mzee Kibwana alikuwa amekaa kwenye gogo, kichwa chini. Nilipotaja lori alikiinua. Nikadhani atasema. Alikuwa mtu mmoja tu ambaye neno lake lingetosha, na naapa alijua kwamba nasema kweli. Nilikuwa nikimpenda mzee huyu. Leo nimeona tu jinsi alivyoogopa.

“Leteni futi kamba,” akasema.

Salimu akaleta futi kamba. Wakapima alama mbele ya watu wote, moja baada ya nyingine, Salimu akisoma kwa sauti. Thelathini. Thelathini. Thelathini. Saba zote.

“Mwalimu hakukosea hata unywele,” Mzee Kibwana akasema. “Ana moyo mwema, anataka kumwokoa mjane. Lakini nguzo ni sawa.”

Mgambo wawili wakamchukua Mwaija. Alivua ufunguo mwenyewe, akauweka juu ya debe lililopinduliwa. Kamba ya mafundo alimpa Chausiku. Mimi nilikuwa nikipiga kelele za theluthi na nusu kipenyo, na watu walinipisha kwa adabu, kama wanavyompisha mtu aliyefiwa.

Jumatatu, 5 Januari

Wamempeleka mjini. Nilikwenda naye kwa miguu hadi Sindeni, kisha wakanirudisha. Aliniuliza kitu kimoja tu njiani. “Ile hesabu, mwalimu, Chausiku anaiweza?”

Nikamwambia anaiweza kuliko mimi.

“Basi.”

Jumanne, 13 Januari

Nimeandika barua tatu za maelezo na michoro. Hakuna jibu.

Alhamisi, 22 Januari

Watu wanachimba mizizi ya ndiga porini. Isipolowekwa siku tatu inalewesha, na kuna nyumba ambazo haziwezi kungoja siku tatu. Wanaume wengi wameondoka kwenda kukata katani Korogwe. Darasani watoto ishirini na mmoja kati ya hamsini. Sifundishi. Nawasomea hadithi na kuwaacha walale.

Jumamosi, 31 Januari

Umekuja unga wa njano wa msaada, magunia kumi na mawili. Salimu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba vijiji vilivyopokea mahindi yetu vinakula bado. Nilimwuliza kama sasa ananiamini. “Mwalimu, mimi naamini njaa,” akasema.

Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda mjini. Sikuruhusiwa kumwona. Askari kijana alinisikiliza kwa upole, akautazama mchoro wangu wa pia, akaniuliza kama namwuzia kofia. Hakuwa akitania.

Ijumaa, 20 Februari

Leo ghalani hakuna mtu. Nimeingia na kisu nikazikwangua alama zote saba mpaka mti ukawa mweupe. Mkono unaniuma, lakini nimepumua.

Jumatano, 25 Februari

Mahindi ya vuli yamevunwa, kidogo kuliko nilivyotarajia na zaidi ya tulivyostahili. Magunia hayakuja. Jana Mzee Kibwana aliziona alama zilivyokwanguliwa. Alituma mkaa uletwe, akasimama kwenye ngazi yeye mwenyewe, umri ule, na kwa kuwa kisu changu kiliacha vidonda palepale alama zilipokuwa, alivipaka tu.

Lundo limefika alama ya tano. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Mzee akahesabu kwa vidole, lakini safari hii kwa sauti ndogo, na hakunitazama.

Ijumaa, 27 Februari

Halmashauri imekutana kumchagua mtunza ghala. Hakuna aliyetaka. Kila aliyetajwa alikuwa na ugonjwa, safari, au mama mgonjwa. Ndipo Salimu akasema apewe mwalimu, hana jamaa hapa wa kumpimia maradufu, na hesabu anazijua. Wote wakakubali haraka sana.

Mzee Kibwana aliniletea ufunguo mkononi. “Unaweza kukataa,” akasema, na nilijua anasema kweli, na kwamba nikikataa atarudi kuwatazama wale wajane wengine waliokaa nyuma.

Nikauvaa.

Nilipofika nyumbani, Chausiku alikuwa kwenye ngazi ya mlango. Amekonda. Mama yake bado hajarudi. Alinyoosha mkono akanipa ile kamba ya katani, mafundo mia moja thelathini na mawili, na moja dogo mwishoni.

“Shikamoo mwalimu. Mama aliniambia siku ile, ufunguo ukienda kwa mtu, kamba nayo iende.”

“Marahaba. Alijua utakuja kwangu?”

“Alisema utakwenda kwa atakayeshindwa kukataa.”

Tukaingia, tukahesabu pamoja mezani. Kimo mita moja na nusu. Yeye ndiye aliyemaliza kwanza. Madebe 491. Debe moja na nusu kwa kaya, miezi mitano, yanatosha kwa shida, ikiwa hakuna atakayeitazama nguzo. Kisha, bila kuambiwa, akahesabu na alama ya chini kabisa, ya Julai, akaandika jibu na kulipigia mstari kama nilivyomfundisha.

Madebe manne kasoro kidogo.

Kesho ni mgawo. Mzee Kibwana ameagiza debe tatu kila kaya, kwa kuwa watu wameteseka. Nimemwambia moja na nusu. Amesema tutaangalia nguzo inavyosema.